Pedi ya Kipanya ya Mas Har

Kediri,
Jumapili, katikati ya Shaaban.

Kwa dada yangu mpenzi, Mbak Sumiyati, huko Samarinda.

Assalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na wanangu wote, na hilo goti lako liwe limeacha kukuonea unapopanda ngazi. Nasi huku tunapumua, alhamdulillahi. Paa halivuji tena tangu fundi alipokuja, mpapai wa nyuma umezaa mpaka umeinama, na harufu ya kiwanda cha sigara za karafuu ingali inatuingilia ndani kila upepo unapogeuka, vilevile ulivyoizoea ulipokuwa msichana. Mimi mwandishi wa barua hii ni mzima. Mume wangu Mas Har naye yuko kama alivyo.

Najua utaigeuza hii bahasha mara mbili tatu kabla ya kuifungua, useme, Win kapatwa na nini, simu yake imekufa? Simu haijafa. Ila nyumba yetu unaijua, mtu akikohoa jikoni, aliye barazani anampa pole. Na Mas Har ulimi ndio uliofungwa, Mbak, masikio hayakufungwa. Kila tunapozungumza kwenye simu yeye yuko pale kitini, kichwa amekilaza kidogo upande wa kushoto, anasikia yangu, na yako pia, maana wewe tangu utoto hujui kusema kwa sauti ya chini. Yapo mambo ninayotaka uyapate wewe kwanza, kwa utaratibu wake, bila mimi kuanza kulia na wewe ukanipokea, tukamaliza salio kwa kupenga makamasi.

Ulipomwona mara ya mwisho alikuwa bado hospitalini. Sasa anatembea, anakokota mguu na kuegemea fimbo. Mkono wa kulia haujarudi. Na maneno hayajarudi, isipokuwa moja tu, ambalo sijui kiharusi kilimwachia kwa huruma au kwa dhihaka. Neno lenyewe ni "baadaye." Nikimuuliza kama atakunywa kahawa, ananijibu baadaye, huku ananyoosha mkono kupokea kikombe. Imamu alikuja kumjulia hali, akamuuliza anajisikiaje, akajibiwa baadaye, na imamu akaitikia kwa heshima kana kwamba ameambiwa jambo kubwa. Juzi kuku wa jirani aliingia jikoni akapanda juu ya sufuria ya wali, na Mas Har akapiga kelele kutoka barazani, "Baadaye! Baadaye! Baadaye!" mpaka nikaja mbio. Nilicheka siku ile hadi nikashika ubavu. Halafu nikaenda uani nikaosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Unamkumbuka alivyokuwa, Mbak? Mtu yule alikuwa haishi kusema. Katika kazi yake ya kutengeneza kadi za harusi na vitabu vya Yasini vya visomo vya arobaini, alikuwa anasoma kila jina kwa sauti mbele ya kompyuta, kisha anatoa hukumu. Bagaskara na Wening, majina yao yanaimba, hawa watazeeka pamoja. Gatot na Gita, hawa watagombea rimoti mpaka watenganishwe na majirani. Nami jikoni nilikuwa simwachii. Nilimwambia wewe ni fundi wa kadi, si mtabiri, naye akanijibu, nikamjibu, na tempe, ile mikate ya soya, ikaungua kikaangoni. Tulibishana kuhusu pilipili, kuhusu feni, kuhusu njia fupi ya kwenda sokoni. Alipochoka alikuwa na neno lake moja la kunimalizia. "Mbishi wewe, Win. Hata kaburini utabishana na malaika." Miaka yote ile ya ndoa neno lile lilikuwa likinikera. Na tangu kiharusi, dada yangu, nilikuwa naamka asubuhi naona ukimya umekaa kitandani kati yetu kama mgeni asiyejua kuaga.

Basi mama anayemfanyisha mazoezi pale hospitali alituambia tujaribu kumrudisha kwenye kompyuta, atumie mkono wa kushoto. Alisema maneno huenda yakachelewa, lakini mkono ukipata kazi, moyo nao hupata pa kushika. Kompyuta ile nilikuwa nimeifunika kwa kitambaa cha meza tangu siku aliyoanguka, maana sikuweza kuitazama. Mas Har alikivuta kitambaa mwenyewe, akakiacha kianguke chini, akakaa.

Tatizo likawa ni kipanya. Ile meza yake ina kioo juu, na kipanya juu ya kioo hakisikii amri, mshale unarukaruka kama panzi. Kule upande wa kulia ilikuwepo pedi yake ya siku zote, ule mkeka mdogo wa kuchezeshea kipanya, ambao aliupata bure kwa wauza wino na kuubandika kwa gundi ili usitembee. Nikasema hiyo si shida, nitaibandua niihamishie kushoto. Nikaanza kuibandua kwa kisu cha siagi. Ikachanika vipande viwili, kimoja mkononi mwangu, kingine kikabaki kwenye kioo. Pale katikati, mahali mkono wake ulipokuwa ukipita, palikuwa pamelika mpaka pakawa peupe. Mas Har alikitazama kile kipande, akakishika kipanya akakirusha. Kikabaki kinaning'inia kwa waya wake, kinayumba, na hakuna kati yetu aliyekiokota.

Nikamwambia kesho tutakwenda kununua nyingine. Akasema baadaye. Lakini asubuhi nilipomaliza kufagia nilimkuta amesimama getini, amevaa shati lake la batiki la kwendea harusini, vifungo vyote amevifunga kwa mkono mmoja, kimoja tu kimekosea tundu. Sikukigusa.

Tulikwenda kwa becak, mwendeshaji akikanyaga pedali nyuma yetu, hadi dukani kwa Ci Hwa, yule Mchina mwenye duka la kompyuta karibu na stesheni, ambaye Mas Har alikuwa akinunua wino kwake na kuvutana naye bei mpaka mama wa watu anajipepea. Nilikuwa na hofu na mapokezi. Kila mtu siku hizi akimwona Mas Har hushusha sauti kama yuko matangani, humwambia pole polepole, halafu hunigeukia mimi kana kwamba yeye ni mzigo nilioushika. Ci Hwa alipotuona aliacha hesabu zake, akapaza sauti kutoka nyuma ya kaunta.

"Eh, Pak Har! Ulikuwa wapi? Nimekosa mtu wa kuniudhi!"

Mas Har akamjibu, "Baadaye."

"Baadaye nini? Ukichukua kitu hapa unalipa leo leo, sikopeshi mimi!"

Na mume wangu akacheka, Mbak. Upande mmoja wa mdomo tu, lakini alicheka. Nilitamani niruke kaunta nimbusu mkono yule mwanamke.

Nikamweleza tunachotaka, naye akatumwagia pedi juu ya kaunta, moja juu ya nyingine, kama muuza vitenge. Zilikuwepo za kitambaa, nyembamba kama leso. Zilikuwepo za ngozi ya bandia. Na moja ilikuwa ndogo, laini, ina kimto cha kulaza kifundo cha mkono na imechorwa maua ya asmini. Moyo wangu ulikuwa umeshaamua tangu nilipoiona ile. Nikaisifu. Nikasema hii ndiyo, ndogo, nyepesi, na mtu anayeuguza mkono anahitaji kitu laini. Ci Hwa akaunganisha kipanya na kompyuta yake, akamwambia Mas Har ajaribu mwenyewe, maana pedi ni kama kiatu, haichaguliwi na shangazi.

Akaijaribu ile ya asmini. Kile kimto kikamkamata. Wewe hujamwona anavyofanya sasa, mkono wake wa kushoto haujui bado kucheza na vidole, anausogeza wote kuanzia begani, kama mtu anayefuta dirisha. Kimto kikawa kinamzuia kila akienda. Akaisukuma kando. Nikairudisha. Akaisukuma tena. Tukajaribu ya kitambaa, hiyo ikawa inatembea pamoja na kipanya, akienda kulia nayo inaenda kulia, ikajikunja mwishowe kama chapati. Hapo ndipo nilipotambua kitu ambacho sikuwahi kukifikiri maishani, kwamba mtu anayetumia kipanya hushikilia pedi kwa mkono wa pili bila kujua. Mas Har hana mkono wa pili.

Akawa anaangaza dukani. Akainua fimbo yake, akaelekeza ukutani. Palikuwa pametundikwa kibao, Mbak, si pedi. Kipana kama sinia, kigumu, kizito, cheusi, chini yake kimewekwa miguu ya mpira isiyoteleza. Ci Hwa alisema hicho huwa kinanunuliwa na vijana wanaocheza michezo ya vita kwenye kompyuta. Na juu yake pamechorwa dubwana la macho mekundu linatema moto.

Nikamwambia, "Mas, mtu wa vitabu vya Yasini ndiyo uende kuweka jini mezani?"

Hakunisikiliza. Ci Hwa akakishusha, akakiweka. Kikatulia pale kama kimejengewa. Mas Har akalaza mkono, akausogeza, na mshale ukaondoka pembe moja ya kioo cha kompyuta ukaenda taratibu hadi pembe nyingine, bila kuruka. Akaurudisha. Akauzungusha duara. Uso wake nilikuwa sijauona ukiwa hivyo tangu siku aliyoanguka. Mtu mwenye akili timamu angelipa na kwenda nyumbani. Mimi nilianza kubisha. Nikasema ni kikubwa. Nikasema ni kizito, hakikunjiki, hakibebeki, kinatisha, wateja watakimbia. Ci Hwa akaniangalia kwa mshangao, akasema, "Mama Win, mwenye mkono kashasema." Nikamjibu mwenye mkono hajasema kitu. Lilinitoka tu. Nikakishika kile kibao upande wangu nikirudishe ukutani, na Mas Har akakishika upande wake. Nikavuta, akavuta. Akagonga sakafu kwa mguu wake mzima, fimbo ikaanguka, watu waliokuwa wakitengenezewa simu wakageuka kututazama, uso wake umeiva kama pilipili, mdomo unafanya kazi, unatafuta, unatafuta, na ghafla ukapata.

"Mbishi!"

Ci Hwa akaweka kiganja mdomoni. Mas Har mwenyewe aligeuka kutazama nyuma, kana kwamba amesemewa na mtu aliyesimama mgongoni mwake. Nilikiachia kibao. Nikamwambia, sema tena, Mas, tafadhali, sema tena. Alijaribu. Wallahi alijaribu, mishipa ya shingo ikamtoka, jasho likamchuruzika kwenye paji la uso, na kilichokuja ni "Ba... baadaye." Nikakaa juu ya boksi la printa nikalia mbele za watu, ile pedi ya asmini nimeikumbatia sijui kwa nini. Ci Hwa alinipa tishu, akasema wanawake wengine hulia wakiitwa roho yangu, wewe unalia kwa kuitwa mbishi. Nikamwambia hajui anachosema. Akasema anajua sana, yeye ni mjane.

Tukakinunua. Alikipakata kwenye becak njia nzima, dubwana limeelekea barabarani, na hakuna mtu aliyetupita asiyegeuka.

Sasa, Mbak, nimefika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito. Utajiuliza kwa nini niling'ang'ania kidogo wakati mume wangu ameonyesha wazi kinachomfaa. Si ubishi wangu wa kawaida. Ulipotuambia tuiuze nyumba tuje kwenu Samarinda, kwamba chumba cha nyuma kiko wazi na sitakuwa peke yangu tena, nilikujibu kwenye simu kwamba nitafikiri. Sikuwa nafikiri. Nilikuwa nimeshakubali. Usiku ule ule moyo wangu ulishapanda meli. Nilikuwa nimechoka kuzungumza peke yangu, nimekuwa na hamu ya sauti yako, hamu ya kuketi na mtu anayejibu. Lile begi la kahawia nililishusha juu ya kabati wakati Mas Har yuko kwenye mazoezi, nikaliweka chini ya kitanda, nikaanza kutia kimoja kimoja, sweta lake, mitandio yangu, picha ya harusi yetu. Lilibaki na nafasi ndogo mfuko wa pembeni. Ile pedi ya asmini ingeingia pale sawasawa. Nilitaka afike kwenu akiwa na kitu cha kuupa mkono kazi, asikae kwenye baraza la watu kama kifurushi. Na yeye sikuwa nimemwambia hata neno moja. Nilijisemea, mtu ambaye jibu lake ni baadaye, utamuuliza nini?

Siku iliyofuata nilikwenda kwenye kisomo cha akina mama. Niliporudi nilikuta lile begi katikati ya sebule, wazi. Alikuwa amelivuta kutoka chini ya kitanda kwa mkono mmoja, sijui alipigaje magoti na sijui aliinukaje. Nguo zetu alikuwa amezitoa, amezipanga juu ya kochi, zimekunjwa ovyo kama zilizokunjwa na mtoto, na picha ya harusi ameisimamisha juu yake. Ndani ya begi alikuwa amejaza rimu za karatasi na sampuli za kadi za miaka yote, mpaka zipu haifungi, pasibaki hata pa kuingiza soksi. Mwenyewe amekaa kwenye kiti chake mbele ya kompyuta, anatweta, shati limelowa.

Nilimuuliza, hii ni nini, Mas? Nilingoja lile neno lake. Hakulisema. Alilaza kiganja chake cha kushoto juu ya kibao, juu ya lile dubwana, akakikandamiza, akanitazama. Aliendelea kukikandamiza hivyo mpaka nilipoinamisha macho. Kumbe alikuwa amesikia yote tangu simu ya kwanza, Mbak. Nami nilikuwa nikimzungumzia mbele yake kama watu wanavyozungumza mbele ya kabati.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na naomba ulipokee kwa moyo mweupe. Hatuji. Si kwamba sikutamani, nimekwisha kukuambia nilivyotamani. Lakini kule kwenu atakuwa mgonjwa wa watu. Hapa yuko mtu wa kumdai, wa kumtania, na ukuta anaojua kuuegemea. Na ameanza kazi. Bibi Jumilah wa nyumba ya pili anamwoza mtoto wake, na alituletea kadi yake bila kutuonea huruma, akasema anaitaka nzuri na anaitaka mapema. Mas Har amechora fremu ya maua. Herufi bado zinamchanganya, kwa hiyo maneno niliandika mimi. Ua moja la pembeni limelalia upande. Nilimwambia limelala, akatikisa kichwa, nikamwambia tena, akatikisa tena, na kadi zikachapwa zikiwa na ua lililolala. Bibi Jumilah hajasema kitu. Labda hajaona.

Limebaki moja, nalo usimsimulie shemeji. Tangu siku ile dukani, lile neno halijarudi. Basi nimekuwa nikimchokoza mume wangu mgonjwa, kwa makusudi. Tempe namkatia vipande vinene, ambavyo hawezi kuvivumilia. Saruni yake naianika ndani nje. Juzi nilimwambia nimekutana na Gatot na Gita sokoni wameshikana mikono, na kwamba utabiri wake wote ulikuwa takataka. Ananitazama, macho yanacheka, mdomo unafunguka, nami nasimama na mwiko mkononi, mchuzi unadondoka sakafuni, nangoja. "Baadaye," ananiambia. Na nadhani ameshagundua mchezo wangu, maana jana alinipapasa shavu kabla sijaanza. Nina hamu na mume wangu, dada yangu, hamu ya mtu aliye safarini, naye yuko chumba cha pili, nasikia kiti chake kinalia ninapoandika hapa.

Nisikuchoshe zaidi. Wape wanangu busu, mwambie shemeji tumezipata dawa alizotuma, Mungu amlipe. Majirani wote wa mtaani wanakusalimu, na mke wa imamu anauliza ile mbegu ya maua uliyomwahidi. Idi ikifika, kama nauli itaruhusu, njoo wewe, ulale chumba kile kile cha mbele. Nawe ukifika, nakuomba kitu kimoja tu. Usimshike mkono, usimnong'oneze, usimpe pole. Mwambie uliposhuka meli Surabaya umepita njia ndefu kuja huku na kwamba ndiyo njia bora. Kaa mbele yake, ubishane naye hadi chai ipoe. Nitakuwa mlangoni nasikiliza.

Wassalaam.

Mdogo wako akupendaye,
Winarsih